Shajara ya muti ya avoka: ndege za njano mu parsele yetu, Nguba

Kwanza nieleze mradi wenyewe. Mimi ni mushonaji, mashini yangu iko ku baraza ya nyumba, hapa Nguba, Bukavu, upande wenye mulima unashuka ku ziwa, na mbele ya mashini kuko muti mukubwa ya avoka. Kila mwaka mvua ikianza, zile ndege za njano zenye kichwa cheusi zinakuja kujenga mule, mu vitabu wanaziita mnana, sisi tunasema tu ndege ya njano. Miaka yote nilikuwa nasikia kelele zao na kuendelea na kazi. Mwaka huu Mama amesema sasa imetosha, mavi yao yanaharibu vitenge vya wateja ku kamba, na majani ya ndizi zake zinayapasua mupaka yanabaki kama ufagio, anataka kuita mutu akate matawi yote ya upande wa baraza. Nikamuomba aniachie mupaka Noeli. Akasema sawa mutoto wangu, lakini siku moja utanionyesha ni nini unaangaliaka mule. Njo vile nimeanza kuandika, mu kaye ya vipimo, mbele ni vipimo vya wateja na kurasa za nyuma ni za ndege.

Mama nisimulaumu. Alikulia Luvungi, mu bonde ya Ruzizi, utoto wake alikuwa anashinda mu shamba ya mpunga kufukuza ndege, kuanzia jua halijatoka mupaka jua linaingia, na hizi hizi za njano zilikuwemo. Kwake ndege ya njano ni ile yenye ilikuwa inakula chakula chao.

8/9

Mvua ya kwanza ya maana, imenyesha saa mbili nzima usiku, asubuhi vumbi yote ya kiangazi imeoshwa ku majani. Nimehesabu nyumba za mwaka jana zenye bado zinaninginia: 6, zote kahawia, kavu, moja iko na shimo ubavuni. Ndege zenyewe hakuna. Saa kumi jioni madume mawili yakapita, yakakaa juu kabisa, yakaangalia, yakaenda. Rangi yao imeshabadilika, mu kiangazi dume naye anafifia, ukimuona mbali utafikiri ni jike, sasa hivi njano yao inawaka na jicho ni jekundu kabisa kama shanga.

12/9

Dume wa kwanza ameanza. Nimemuita Wa Kwanza, sina jina ingine. Kitu ya kwanza yenye alifanya ni kubomoa nyumba mbili za zamani, alikata kamba zao ku tawi kwa mudomo mupaka zikaanguka chini, Mama akafurahi akazikusanya za kuwashia moto. Kisha akaanza kuleta nyuzi. Anaenda ku mugazi ya jirani, ule muti ya mawese, anauma jani pembeni karibu na shina yake, anaruka nalo na ukanda mwembamba unachanika wenyewe mupaka mwisho, urefu unafika mara mbili au tatu ya mwili wake. Ni vile vile mimi ninafanya na kitenge, naanzisha ku makasi kidogo kisha nachana kwa mukono juu uzi unajua kwa kwenda.

14/9

Leo wateja walikuwa wachache, nikakaa naangalia mikono, nasema mikono lakini ni mudomo na mguu. Anaweka ukanda ku tawi, anaukanyaga na kidole kimoja ili usitoroke, anauzungusha, ncha anaipitisha chini ya ule muzunguko, anavuta. Hiyo ni fundo kamili. Halafu ya pili, ya tatu, mupaka matawi mawili madogo yameshikana. Kisha anatengeneza pete, duara ya wima yenye yeye mwenyewe anasimama ndani yake, na hiyo pete njo kipimo ya nyumba yote, sababu toka pale haondoki tena, anasimama ndani ya pete, anasuka mbele yake kadiri shingo yake inafika, hapo kinatokea chumba cha mayai, kisha anageuza shingo anasuka upande ingine, hapo panakuwa mulango. Yaani mwili wake njo mita. Mimi nimejifunza kushona miaka minne kwa mama mumoja wa Kadutu na alinipiga vidole mingi sana mbele nijue kuweka mukono sawa, nikimuona huyu ndege hana mutu wa kumushikia kitambaa naheshimu kabisa.

Pembeni kuko dume kijana, rangi yake bado ina madoa ya kijani, naye anajaribu. Pete yake imelala upande, nyuzi amezichukua fupi, fundo moja kwa tatu inafunguka. Mu jioni ikaanguka yote. Kesho yake akarudi tena ku tawi lile lile. Nimesoma ku telefone kama kusuka banazaliwa nako lakini kusuka vizuri banajifunza, kijana anaharibu nyingi mbele ya kupata moja ya maana.

19/9

Nyumba 5 mupya za kijani, tatu ni za Wa Kwanza peke yake. Nimezipatia namba. Namba 1 mupaka 4 ziko juu, namba 5 iko chini kabisa ku tawi lenye linakuja ku baraza (ile ile yenye Mama anataka kukata), karibu mita tatu toka chini.

23/9

Majike yamekuja! Nilikuwa napiga pasi nikasikia kelele imebadilika, haikuwa tena ile ya kugombana, ilikuwa kama redio ishirini zimewashwa pamoja. Kila dume ananinginia chini ya mulango wa nyumba yake, kichwa chini miguu juu, anapigapiga mabawa haraka haraka, ile njano ya chini ya bawa inaonekana mbali. Jike ni mudogo kwa rangi, kijani ya kufifia na tumbo nyeupe, unaweza kumupita usimuone, lakini leo yeye njo mwenye kuamua. Aliingia namba 1, akakaa kidogo tu, akatoka. Akaingia namba 2, akakaa muda murefu zaidi, na kumbe kule ndani alikuwa anavuta nyuzi, nyumba yote ilikuwa inatikisika, anavuta kwa nguvu ku dari na ku kuta, sawa na mteja mwenye akili akikuja kuchukua nguo anageuza ndani kuangalia mushono. Akatoka. Akaenda.

27/9

Namba 1 imekataliwa mara nyingi na imeanza kukauka, kijani imekuwa kahawia, na jike hataki nyumba kavu juu kavu haina nguvu tena. Leo asubuhi Wa Kwanza ameibomoa mwenyewe. Ameikata yote, kamba kwa kamba, saa moja na nusu ya kazi, ikaanguka mbele ya mashini yangu. Saa saba mchana alikuwa tayari na pete mupya mahali pale pale.

Nimeiokota nikaichana polepole ku meza kwa kuangalia ndani. Siwezi kusema ni mibaya. Dari iko na tabaka ya majani mapana yenye yamepangwa kama paa ya nyumba ya majani, ili maji yateremke. Ku mulango wa chini kuko kizingiti, ukuta mufupi wa kuzuia yai lisianguke. Nimehesabu nyuzi mupaka 300 nikachoka, bado nusu. Nyumba yenyewe ni kubwa kuliko ngumi mbili zangu na ni nyepesi kama soksi.

Mama akapita, akaichukua, akaigeuza, akaniuliza huyu ni mwanaume njo anajenga? Nikamujibu ndiyo Mama, na mwanamke akikatala anaanza tena. Hakusema kitu, lakini hakuitupa mu moto, aliiweka ku dirisha.

1/10

Mbayuwayu zimefika, zile za mukia wa uma na koo nyekundu kama udongo, zimejaa ku waya ya umeme mupaka chini kwa ziwa. Hizi hazijengi huku. Binamu yangu yuko Ubelgiji, ameniambia kule zinajenga mu mwezi wa nne na wa tano, ile majira yao ya kuchipua, zinatengeneza bakuli ya udongo mu boma za ng'ombe na mu garaje, na batu banaacha dirisha wazi ili zipite. Huku zinakuja kula tu na kubadilisha manyoya, halafu mwezi wa tatu zinarudi. Nikamwandikia: majira yenu ya kuchipua ni mwezi wa nne, yetu ni mvua ya mwezi wa tisa, ndege zinajua zote mbili.

3/10

Namba 5 imechukuliwa! Tena ile ya chini. Jike alivuta, akatoka, akarudi na kitu mudomoni, na hapo njo unajua imekubaliwa, sababu kuta za nje ni kazi ya dume lakini kitanda ni cha jike. Ameleta majani laini ya nyasi, vichwa vya nyasi yenye maua, na manyoya ya kuku wa jirani. Na mimi nilimwachia nyuzi chache za pamba ku kamba, akachukua mbili tu, kisha nikatoa zingine zote, juu nilifikiria nyuzi ndefu inaweza kufunga mguu wa kitoto. Naona nilikosea kuziweka, sitarudia.

Dume hapo hapo amehamia ku nyumba ingine kuitia jike mwingine. Yuko na majike mawili sasa, namba 2 na namba 5. Mama akasema eeh, kumbe ni wale wale.

7/10

Nimetengeneza kioo: kile kidogo cha poda, nimekifunga ku waya yenye nimeikunja, na torshi ndogo. Napanda ngazi wakati jike ameenda kula, nahesabu mupaka 20, nashuka. Nafanya nyumba tatu tu za chini, mara moja kwa siku tatu, na siku ya mvua sigusi kabisa. Kama jike yuko ndani naacha.

Namba 5: mayai 2, kijani-buluu safi bila doa. Namba 7: mayai 3, nyeupe na madoa kahawia. Namba 8: mayai 2, buluu na madoa. Nilishangaa, ni ndege moja lakini mayai kama ya ndege tatu tofauti. Kumbe ni kitambulisho. Kila jike anatagaka rangi moja maisha yake yote, na jirani yake rangi ingine, na sababu ya hiyo nimeiona siku mbili baadaye.

9/10

Kekeo. Ile ndogo, mugongo kijani inang'aa kama chupa, tumbo nyeupe na mistari pembeni, mudume anaita juu ya waya di-di-di-diderik, batu ba hapa banajua ile sauti bila kujua mwenyewe, ni sauti ya mvua. Ndege huyu hajengi. Jike yake anangoja mwenye nyumba atoke, anaingia, anatoa yai moja, anaweka lake, dakika haiishi. Kitoto chake kikitoka mu yai, bado kipofu, kinasukuma mayai mengine na watoto wengine nje, kinabaki peke yake kinalishwa na mama yenye si yake.

10/10

Namba 7, kati ya yale meupe ya madoa kuko moja la buluu safi. Nilikaa ku mashini siwezi kushona. Nikatamani kulitoa, nilikuwa na ngazi na mukono ungefika. Sikulitoa. Nimesema nitaangalia, si nitapanga.

12/10

Chini ya namba 7 kuko maganda ya buluu. Ndani, mayai mawili meupe ya madoa. Amelijua na amelitupa mwenyewe! Njo kazi ya ile rangi: kekeo hawezi kujua mbele ni nyumba gani iko na rangi gani, akikosea jike anaona. Na kuko kisa kimoja nilisoma kinanifurahisha sana, hizi ndege zilipelekwa zamani ku visiwa vya mbali, Mauritius, na kile kisiwa cha Haiti na Dominikana, kule hakukuwa kekeo wa kuwaibia, na miaka ikipita mayai yao mu nyumba tofauti yakaanza kufanana, madoa yakapoteza usafi wake. Hakuna mwizi, kitambulisho kinafifia.

Nilimwita Mama nikamuonyesha maganda. Yeye aliwaza tu kidogo akasema: mu mpunga tulikuwa tunasema hizi ndege hazina akili.

14/10

Batoto ba jirani wamekuja na manati, wanne, mukubwa wao kama miaka 11. Wakirudi ku masomo wanapitia njia ya chini na wameshaangusha nyumba moja, namba 4, ilikuwa tupu kwa bahati. Kupiga kelele haisaidii, na mimi niliwahi kula ndege ya kuchoma nikiwa mutoto kama wao, sitajifanya. Nikawaita, nikawapandisha mumoja mumoja ku ngazi na kioo, namba 8. Yule mukubwa alipoona yai alinyamaza, akashuka, akaniuliza yatapasuka lini. Nikamwambia jike analalia siku 12 hivi, mukuje nyuma ya siku tano. Nimewapatia kazi: kila mumoja nyumba yake ya kulinda, jina lake limeandikwa mu kaye, na kipande cha kitenge cha kufunga ku mukono. Manati tatu ziko mu sanduku ya mashini. Ya ine mwenyewe anasema imepotea.

19/10

Namba 5, watoto wawili! Wameanguliwa asubuhi, wekundu, vipofu, hawana unyoya hata moja, shingo nyembamba kama uzi lakini mudomo ni mupana kuliko kichwa. Mama yao alikuja na kiwavi kijani nikiwa bado nashuka ngazi.

20/10 mupaka 28/10

Nitaandika pamoja juu kazi ya nguo za ndoa imenibana, robe sita za kitenge kimoja, na umeme unakatika kila jioni, nashona na miguu.

Kitu kikubwa ya hii wiki ni Mama. Nilikuwa nimemuomba anihesabie namba 5 saa moja wakati naenda soko ya Kadutu kununua nyuzi na zipu. Niliporudi alikuwa amehama kiti chake, kile chenye anachambulia sombe (majani ya muhogo), kiko chini ya muti, na mu kaye kuko mistari ya mwandiko wake: mara 17 kwa saa moja. Na pembeni ameandika vitu nilikuwa sijaona: kiwavi, kiwavi, panzi, kiwavi, buibui, panzi. Akaniambia, angalia, hakuna mbegu hata moja. Kweli. Wakubwa ndio wanakula mbegu, na mpunga na mtama, lakini kitoto kinakuzwa na wadudu, juu mbegu haimpi nguvu ya kuota manyoya haraka vile. Mama alikaa na ile kaye mukononi. Akasema, Luvungi tulikuwa tunafukuza hata wenye wamebeba viwavi, hakuna mutu alikuwa anaangalia mudomoni.

Tarehe 26 jioni, nyuma ya mvua, kumbikumbi zilitoka mu udongo, jirani wote na beseni na taa, na ndege nazo hazikulala mapema, mama wa namba 5 alikuwa anakuja na kumbikumbi mbili tatu pamoja, mabawa yanatoka pembeni ya mudomo. Dume naye nimemuona akileta mara mbili. Mara mbili tu.

Macho ya watoto yamefunguka siku ya 6. Manyoya yanatoka mu mifuko yake kama sindano.

30/10

Mvua ya mawe. Ilianza saa tisa, upepo ulitoka upande wa ziwa, bati zilikuwa zinalia mupaka hatusikilizani. Dakika ishirini. Ilipoisha chini ya muti ilikuwa nyeupe na kijani, majani na barafu pamoja, na nyumba tatu chini: 2, 9 na ile ya kijana yenye haijaisha.

Namba 2 ilikuwa na watoto wawili, wa siku tano au sita, baridi kabisa. Batu wanasema ukigusa mutoto wa ndege mama atamukataa, si kweli, ndege hawasikii harufu yetu namna ile. Niliwaweka mu mikono na pumzi mupaka wakaanza kusogea, tukakausha nyumba na kitambaa, nikapanda ngazi na uzi wa jeans, ule munene, nikaifunga ku tawi, mulango chini kama ilivyokuwa, chini kidogo ya mahali pake. Fundo yangu ilinichukua muda murefu kuliko ya dume. Kisha tukaingia wote mu nyumba tukaangalia ku dirisha. Dakika 40. Jike alikuwa anaenda mahali pa zamani, anaruka pale penye hakuna kitu, anarudi, anaruka tena. Jua lilikuwa linaingia njo akasikia kilio akateremka.

Asubuhi ya 31: mumoja amekufa. Mwengine anakula. Mutoto mwenye alikuwa mulinzi wa namba 2 aliomba amuzike, akamuzika chini ya ndizi, na akafunga kipande chake cha kitenge pale ku kijiti.

4/11

Leo nilijua kitu chenye sikuwahi kuona. Saa nne asubuhi kelele yote ikakatika, kisha ikarudi kwa hasira, na ndani ya muti kuko ndege mukubwa wa kijivu, uso wa njano hauna manyoya, miguu mirefu sana. Si mwewe yule wa kila siku wa kuiba sambaza, zile samaki ndogo za ziwa, ku masahani. Huyu alishika nyumba namba 8 kwa mabawa na mguu mumoja, akaninginia kichwa chini, mguu wa pili akauingiza mu mulango kama mukono mu mufuko, na kiungo cha mguu wake kinakunjika mbele na nyuma, kwetu haiwezekani. Akatoa mutoto. Akarudisha mguu akatafuta tena.

Mimi nilisimama na makasi mukononi. Mama njo alitoka jikoni na sufuria na mwiko, akaingia chini ya muti na akatoa ile sauti ya Luvungi, ile ya shamba ya mpunga, hoooo-ha! hoooo-ha!, sijawahi kumusikia nayo maisha yangu yote, jirani wote walitoka. Ndege mukubwa aliruka akavuka upande wa Rwanda, na nyuma yake madume ya njano karibu kumi yanamufukuza juu ya maji.

Namba 8 tupu. Namba 5 hakufika. Usiku Mama akaniuliza kama na yule wa kijivu ana watoto. Nikasema pengine anao Mama. Akasema najua, lakini si mbele yangu.

7/11

Siku ya 19 ya namba 5. Tangu jana vichwa vinatokea ku mulango vinaangalia chini. Leo saa kumi na mbili na nusu wa kwanza alitoka, hakuruka, alianguka akashika jani, akapanda tawi kwa kucha, akakaa pale anatetemeka mabawa na kuomba. Wa pili alingoja mupaka saa tatu na mama yake alikaa mita moja na panzi mudomoni bila kumupa, anamuita tu. Alipotoka alifika chini kabisa, ku sakafu ya baraza, karibu na mguu wa mashini. Batoto walitaka kumuokota, nikawakataza, sababu mwenye manyoya yote yuko mu masomo yake, ni wa kuacha, tulimufungia tu paka wa jirani mu nyumba. Nusu saa. Kisha akaruka mupaka ku kamba ya nguo, ku kitenge cha bibi harusi, akachafua, na kutoka pale ku muti.

Mama alikiosha kile kitenge yeye mwenyewe.

8/11 mupaka 16/11

Namba 7 wametoka wawili, tarehe 13. Namba 2, yule mumoja wa ile nyumba ya uzi wa jeans, ametoka tarehe 15, mulinzi wake alikuwa ku masomo akakosa, alilia. Watoto bado wanalishwa nje, wanafuata mama yao mu majani ya ndizi wanatetemeka mabawa, ukubwa ni sawa na yeye.

Hesabu mupaka leo: nyumba zenye zilianzishwa 23, zenye majike yalikubali 9, zenye naweza kusema hakika watoto wametoka ni 3, watoto 5. Zingine za juu sioni ndani, sitaziandika.

Yule kijana wa madoa ya kijani amemaliza moja. Mulango umepinda kidogo. Hakuna jike ameingia lakini haijaanguka, na juzi mvua ilinyesha sana.

22/11

Yule mutu wa kukata matawi alikuja, Mama alikuwa amemuita tangu mwezi wa tisa na alikuwa hajasahau, amekuja na panga na kamba. Nilikuwa nachukua vipimo vya mteja sikuweza kusimama. Nikamusikia Mama anamuambia, papa, samahani kwa safari, urudi mwezi wa saba, mu kiangazi, wakati kutakuwa hakuna mutu. Akamupa avoka tano na franga ya pikipiki.

Kamba ya nguo tumeihamisha nyuma ya nyumba. Wa Kwanza amebomoa namba 5 leo asubuhi, ilikuwa imeshakuwa kahawia, na sasa hivi naandika kuko pete ya kijani ku tawi lile lile, amesimama ndani, anapima.